Baiskeli ya umeme ya kupandia mlima kila asubuhi, kwa bajeti ndogo: nichukue ipi?

Kilima_Kila_Siku ameuliza:

Habari zenu, wakuu. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kutumia baiskeli za umeme kwenye njia zenye milima, kwa sababu matangazo ya wauzaji nimeyasoma mpaka yote yameanza kufanana.

Safari yangu ya kwenda kazini ni kilomita 9. Sehemu kubwa ya mwanzo ni tambarare, kisha unaanza mlima wa kilomita 1.4 ambao, kwa mujibu wa ramani ya simu, unapanda mita 110, na karibu na kileleni kuna kona ya mita 200 hivi iliyo kali kuliko sehemu nyingine zote. Ninakaa bondeni na kazi iko juu. Hadi sasa ninatumia baiskeli ya kawaida yenye gia, na kila nikifika kwenye ile kona hushuka na kuisukuma, nikaingia kazini shati limegandana na mgongo. Jioni ninarudi kwa kuteremka, ingawa mbele yake kuna vilima vidogo ambavyo kwa jumla havizidi mita 40.

Mimi nina kilo 82, begi langu lina kilo 6, na ninaishi ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Fedha nilizonazo zinatosha chaguo moja kati ya haya matatu, na haziongezeki. La kwanza ni baiskeli mpya ya bei ya chini, yenye mota ya wati 250 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 36 na Ah 10 (ampea-saa), na breki za diski zinazovutwa kwa waya. La pili ni baiskeli iliyotumika miaka mitano, ya daraja la juu zaidi, yenye mota ya katikati kwenye pedali, lakini betri yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. La tatu ni kununua mota na betri peke yake nikaifungia baiskeli niliyo nayo. Muuzaji mmoja pia ananishawishi nichukue nyingine yenye mota ya nyuma iliyoandikwa wati 500, kwa tofauti ndogo ya bei. Je, wati 250 zitanifikisha juu, au nitarudi kusukuma, safari hii nikisukuma chuma kizito zaidi?

Fundi_Spoki amejibu:

Ndugu yangu, weka kwanza kando hizo wati, kwa maana ndizo zinazowapotosha wanunuzi kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa kwenye baiskeli. Wati 250 unazoziona ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo bila kupata joto la kupita kiasi, na mara nyingi zimeandikwa hivyo kwa sababu ya sheria: katika Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli endapo mota haizidi wati 250 kwa kipimo hicho cha mfululizo na msaada wake unakatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kwa muda mfupi mota hiyohiyo inaweza kutoa mara mbili yake. Ndiyo maana baiskeli mbili zilizoandikwa wati 250 zinaweza kutofautiana mlimani kama mbuzi na punda.

Kinachokuhusu wewe ni mahali mota ilipo na namna inavyozunguka. Mota ya gurudumu la nyuma haijui gia zako. Gurudumu likizunguka polepole, nayo inazunguka polepole, na mota ya umeme ikilazimishwa kuvuta mzigo mkubwa kwa mwendo mdogo hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Mota ya katikati inasukuma mnyororo, kwa hiyo ukiweka gia nyepesi yenyewe inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda huku gurudumu likipanda taratibu. Kwenye mlima mrefu hakuna ubishi kwamba hii ya pili ndiyo bora.

Hata hivyo, za gurudumuni nazo ni za aina mbili, na wauzaji wengi hawaelezi tofauti. Ipo ile kubwa, pana kama sinia, isiyo na gia ndani. Hiyo inadumu sana kwenye tambarare lakini mlimani inachemka, nayo ni nzito. Ipo na ile ndogo, ya ukubwa wa kopo, yenye gia za ndani zinazopunguza mzunguko. Kwa mlima, ukiamua kuchukua mota ya nyuma, chukua hii ndogo. Udhaifu wake ni kwamba gia hizo mara nyingi ni za nailoni. Mwezi uliopita niliifungua moja ambayo mwenyewe alikuwa akipanda nayo kilima akiwa amebeba gunia kwenye keria, bila kukanyaga pedali hata kidogo: gia zote tatu meno yalikuwa yamelala upande mmoja kama kitana kilichokanyagwa, na grisi imegeuka nyeusi, inanuka kama plastiki iliyoungua. Gia zenyewe hubadilishwa, si msiba. Lakini ujumbe ulikuwa wazi kwamba mota ya namna ile inataka msaada wa miguu.

Ningekuwa wewe ningeifuata ile iliyotumika, kwa sharti kwamba betri yake ipimwe kwanza.

Hesabu_za_Wati amejibu:

Ninakubaliana na Fundi kuhusu joto, ila nadhani tumekimbilia aina ya mota kabla ya kuuliza huo mlima unadai nini. Hesabu yenyewe ni ya darasani.

Mita 110 kwa mita 1,400 ni mwinuko wa karibu asilimia 8 kwa wastani. Huo ni mlima, lakini si wa kutisha. Kona ndiyo inayoamua, na ramani ya simu haiaminiki kwenye kipande kifupi kama hicho. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 60 na pimamaji ya mwashi, ulaze ubao barabarani kwa mwelekeo wa mlima, unyanyue ncha ya chini mpaka povu likae katikati, kisha upime ncha hiyo imeinuka sentimita ngapi. Gawanya kwa 60. Kwa sasa nitachukulia kuwa ni asilimia 12.

Wewe, begi na baiskeli ya kilo 24 mnafika kilo 112. Kwenye asilimia 12, mlima unakuvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 132 hivi, na ukiongeza msuguano wa matairi tunakadiria 142. Kupanda kwa kilomita 10 kwa saa kunahitaji karibu wati 395 zinazofika kweli kwenye tairi. Mtu wa kawaida asiyetaka kutoka jasho jingi anaweza kutoa wati 120. Zinazobaki, kama 275, ni za mota. Zinapaswa kuwa wati zinazosukuma, wala si zile zinazotoka kwenye betri. Kontrola, yaani kile kisanduku kinachopimia mota umeme kutoka kwenye betri, ikiwa ya ampea 15 kwenye volti 36 inatoa wati 540 za umeme, na kama mota ya nyuma kwa mwendo huo mdogo inatumia vizuri asilimia 60 tu, unapata 324. Inatosha, tena kwa taabu. Kontrola ya ampea 12 inakupa 259, pungufu ya zile 275, nawe utapunguza mwendo au utakanyaga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni hili: kontrola ni ya ampea ngapi? Akikujibu kwa wati tena, msukume kidogo, maana mara nyingi ampea zimeandikwa kwenye kibandiko cha kontrola yenyewe.

Kipimo kingine ni nguvu ya kusokota, ile inayoandikwa Nm. Tairi la inchi 28 lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 35, hivyo zile nyutoni 142 zinadai Nm 50 kwenye ekseli ya nyuma. Miguu yako inaleta 15, mota inabakiwa na 35. Mota nyingi ndogo za nyuma zimeandikwa Nm 40 hivi, kwa hiyo tuko ukingoni. Sasa angalia jambo ambalo watu hulipuuza: baiskeli ya tairi za inchi 20, ambayo wengi huiona kama ya watoto, ina nusu kipenyo cha sentimita 25, na mota ileile inabaki na kazi ya Nm 25 tu. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo na mlima mkali, mota ya nyuma ndani ya gurudumu dogo ni nafuu ambayo haitangazwi. Tena usilinganishe Nm za mota ya katikati na za mota ya nyuma moja kwa moja, kwa sababu za katikati hupimwa kwenye pedali na hubadilika kulingana na gia: ukiwa na meno 38 mbele na 34 nyuma, Nm 60 za pedali zinafika nyuma zikiwa 54, lakini ukiacha mnyororo kwenye gia ya meno 17 zinafika 27, na hapo mota nzuri inashindwa kwa uvivu wa dereva.

Kuhusu betri, sitaungana na wale wanaosema nunua kubwa kadiri uwezavyo. Volti 36 mara Ah 10 ni Wh 360 (wati-saa, yaani umeme wote uliomo). Mlima wako wote, kwa kukadiria kwamba mota inabeba sehemu kubwa ya kazi na kupoteza theluthi ya umeme njiani, unakula kama Wh 40. Tambarare inakula Wh 8 hivi kwa kilomita ukiwa unakanyaga. Kwenda na kurudi hutavuka Wh 200. Hata betri ikichakaa ikabaki na asilimia 70, utakuwa na 252. Fedha za kuongeza betri zitafutie kazi nyingine.

Bi_Mteremko amejibu:

Ndugu Hesabu, hiyo kazi nyingine ni breki, na ninashangaa tumefika hapa bila mtu kuzitaja. Mwenzetu anapanda asubuhi, lakini jioni anateremka mita 110 zilezile akiwa na kilo 112, pengine kwenye lami yenye maji. Nguvu yote aliyoipandisha kwa mota lazima iishe mahali fulani, na isipoishia kwenye upepo inaishia kwenye pedi za breki. Nimetumia baiskeli ya mota ya nyuma kwa miaka mitatu kwenye mlima unaofanana na huo, na ninaweza kusema kwamba kupanda hakukuwahi kunitisha. Kilichonitisha ni jioni moja ya mvua, wiki ya pili, nilipobana mkono wa breki wa kushoto mpaka ukagusa mpini na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sijafanya lolote. Waya ulikuwa umelegea na pedi zilikuwa zimeng'aa kama kioo kwa joto. Nilimaliza mteremko kwa breki moja na unyayo wa kiatu.

Breki za diski za waya si mbaya zenyewe, ila zinadai kukazwa mara kwa mara kadiri pedi zinavyolika, na mtu anayerudi nyumbani amechoka hakumbuki. Za mafuta zinajirekebisha pedi zikilika, na hazichoshi vidole. Kama bajeti hairuhusu, basi weka angalau diski ya milimita 180 mbele badala ya 160, na hakikisha mikono ya breki ina swichi ya kukata mota papo hapo. Wakati wa kuteremka usishike breki mfululizo kutoka juu mpaka chini; bana kwa nguvu, achia, bana tena, ili diski ipate nafasi ya kupoa. Wapo watakaokwambia ununue mota inayorudisha umeme kwenye betri wakati wa kuteremka. Hiyo ni ile kubwa isiyo na gia ndani, ambayo Fundi amekwisha kusema itakuchosha asubuhi, na umeme unaorudi kwenye mteremko mfupi kama wako hautoshi hata kilomita chache.

Jambo la pili ni namna mota inavyojua kwamba unahitaji msaada. Baiskeli nyingi za bei ya chini zina sensa inayohesabu tu kama pedali zinazunguka. Ukisimama katikati ya kona kupisha gari, kisha ukataka kuanza tena, mota inangoja pedali zizunguke kwanza kabla ya kusukuma, na huo ndio wakati ambao huwezi kuzizungusha. Unayumba, unashusha mguu, unaanza upya. Sensa inayopima uzito wa mguu wako inaanza mara tu unapokanyaga, na inapanda pamoja na jasho lako badala ya kukurusha mbele ghafla. Ukikosa hiyo, tafuta yenye kishikio cha kuvuta kama cha pikipiki, mahali ambapo sheria inaruhusu, ukitumie kwa mita tano za kuanzia tu.

Na hiyo ghorofa ya tatu usiichukulie kwa wepesi. Kilo 24 dukani ni maneno, kwenye ngazi ni kitu kingine. Kama kuna mahali salama pa kuifungia chini, basi betri iwe ya kuchomoka kwa ufunguo upande nayo hiyo peke yake.

Mkono_wa_Pili amejibu:

Mimi ninanunua, ninatengeneza na kuuza zilizotumika, kwa hiyo niseme juu ya chaguo la pili na la tatu.

Kwenye iliyotumika, unanunua betri, na baiskeli unapewa kama kifuniko chake. Betri ya lithiamu hufaa kwa mizunguko kati ya 500 na 1,000 ya kuchajiwa, lakini hata ikikaa tu inazeeka, hasa iliyohifadhiwa ikiwa imejaa kabisa mahali penye joto. Ya miaka mitano inaweza kuonyesha taa zote ikiwa imesimama, kisha kwenye kona yako volti zikaanguka mota inapovuta, ikazimika huku taa mbili zikiwaka. Kwa hiyo usiijaribu uwanjani. Omba uichaji ijae, uipeleke kwenye mlima wenyewe, na ukifika juu uangalie imebaki na kiasi gani. Uliza pia, kabla ya kutoa hata senti, kama betri mpya ya mfumo huo bado inatengenezwa na inauzwaje. Mifumo mingi ya mota za katikati inazungumza na betri yake kwa alama za siri na inakataa betri nyingine yoyote. Niliwahi kubaki na baiskeli nzuri mno, fremu safi, mota kimya kama paka, ambayo betri yake ilikuwa imekoma kutengenezwa. Niliiuza kwa bei ya magurudumu. Ikiwa bei ya baiskeli hiyo pamoja na betri mpya inazidi fedha zako, hesabu kwamba huwezi kuinunua.

Kufungia mota baiskeli yako kunawezekana. Mota za katikati za kufungia, kama BBS02 ya Bafang, zinaingia kwenye tundu la ekseli ya pedali lenye upana wa milimita 68 hadi 73, na Tongsheng TSDZ2 ina sensa ya kupima uzito wa mguu. Lakini fremu, breki na mnyororo wako vilitengenezwa kwa ajili ya miguu tu. Mnyororo utachakaa haraka, na ukibadilisha gia huku mota inavuta kwa nguvu zote utaukata. Jifunze kuachia pedali kidogo kabla ya kubofya gia. Ukijumlisha mota, betri ya kuaminika, breki mpya na malipo ya fundi, unafuu uliouona mwanzoni unaweza kuyeyuka wote.

Neno moja juu ya betri zisizo na jina: usichukue. Unalala ghorofa ya tatu, na betri ya lithiamu inayowaka haizimwi kwa ndoo ya maji. Tafuta iliyopimwa kwa viwango vinavyojulikana, kama UL 2271 kwa betri au UL 2849 kwa mfumo mzima, tumia chaja yake yenyewe, na usiichaji mlangoni unapopita kutokea.

Kilima_Kila_Siku amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimefanya mliyoyasema, kwa hiyo ninarudisha taarifa.

Ubao na pimamaji vilinipa sentimita 7 na nusu, yaani asilimia 12.5, na wapita njia waliniuliza kama barabara inapanuliwa. Ile iliyotumika niliipeleka mlimani kwa ruhusa ya mwenyewe. Ilipanda vizuri ajabu mpaka katikati ya kona, kisha kioo kikazima, na nilipoiwasha tena kilionyesha betri ina asilimia 40. Betri mpya ya mfumo wake bado inauzwa, lakini bei yake peke yake ni zaidi ya nusu ya fedha zangu zote, kwa hiyo nimeiacha kwa masikitiko.

Ile ya wati 500 muuzaji alishindwa kunitajia ampea, na tulipoinama kutazama kibandiko tukakuta kontrola ya ampea 14, mota kubwa ya sinia, na breki za rimu. Wati 500 zilikuwa kwenye karatasi. Hapohapo pembeni kulikuwa na moja ya tairi za inchi 20 ambayo sikuwa nimeitazama hata mara moja, mota ndogo ya gia, kontrola ya ampea 15, betri ya volti 36 na Ah 10.4 ya kuchomoka, na diski za waya. Niliomba kuijaribu. Kona niliipanda kwa kilomita 11 kwa saa nikiwa ninakanyaga kwa bidii ya wastani, nikasimama makusudi katikati na kuanza tena kwa kuvuta kishikio. Juu niliishika mota kwa kiganja: ilikuwa ya moto, lakini niliweza kuushikilia mkono pale. Nimeinunua, na kiasi kilichobaki kimetosha breki za mafuta za mbele pamoja na diski ya 180.

Swali la mwisho kwa Fundi: kuna chochote cha kuangalia mwanzoni?

Fundi_Spoki amejibu:

Nilikuwa nimeishikilia ile ya mota ya katikati, lakini betri imetoa jibu lake. Hongera.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo, pita kwenye spoki za nyuma moja moja kwa vidole. Mota inavuta rimu kwa nguvu kuliko miguu, na spoki za gurudumu dogo ni fupi na hulegea mapema; inayolia kwa sauti nzito kuliko wenzake ikaze robo mzunguko. Kaza pia nati mbili za ekseli ya nyuma, na uhakikishe ile washa (pete ya chuma ya chini ya nati) yenye ulimi imekaa ndani ya mfereji wa fremu, kwa sababu ekseli ikijizungusha inakata waya wa mota. Diski mpya ya mbele uizoeshe kwa kubana breki mara ishirini hivi kwenye tambarare kabla ya kuteremka nayo jioni ya kwanza.